Mwaka wa Mgomo, Jikoni Kwangu

Jumatatu, 4 Machi

Mjukuu kaja na kompyuta yake. Anaandika kitabu cha maisha yangu, eti kazi ya chuo. Nimemsimulia nilivyofua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita. Anapiga miayo! Anataka siasa. Anataka mwaka wa mgomo. Nikamwambia serikali haikunisaidia kukamua hata shuka moja. Kacheka, wala hakuondoka. Mbishi kama mimi.

Jumatano, 6 Machi

Leo kauliza babu yake alitorokea wapi na yule mwanamke. Nikamwambia menya vitunguu kwanza. Akamenya. Nikasema — sijui nani alinifungua mdomo.

Hakukuwa na mwanamke. Babu yake alikuwa mpiga chapa, akawachapia wagomaji karatasi zao. Askari walimchukua asubuhi, hakurudi. Mama yake huyu, binti yangu, alikuwa na miaka sita, na mtoto hana kufuli mdomoni. Angesema shuleni, na sisi tungefuatwa. Nikamwambia baba katoroka na mwanamke. Aibu haifungi mtu jela. Serikali ilipobadilika nikasema nitamwambia kesho. Kesho hiyo ina miaka thelathini.

Mjukuu kalia. Nimemgombeza, asisingizie vitunguu.

Ijumaa, 8 Machi

Kaleta kurasa nne. Kaandika “utawala wa mabavu.” Nikamwambia futa. Andika askari walikuwa watatu, na mmoja alinawa mikono kwenye karai langu, akasema asante. Kaandika. Sasa ndiyo kweli.

Nikamkataza kumwonyesha mama yake. Kanijibu kwa upole, “Bibi, mama anamtukana mtu asiye na kosa.”

Nikamwambia aniachie hizo kurasa. Mimi!

Jumapili, 10 Machi

Binti yangu yuko sebuleni, anasoma. Nimempa kurasa kwa mkono wangu. Niko jikoni, naandika nisije nikachungulia. Miaka arobaini na minne anamwita baba yake “yule mhuni,” nami napakua chakula.

Nasikia ukurasa wa pili ukifunuliwa. Wa tatu. Wa nne.

Kiti kimesogea. Anaondoka — ana haki. Mimi ningebamiza na mlango.

Hakuondoka. Kaja hapa mlangoni, macho mekundu. “Mama, alikuwa amevaa nini?”

Shati la kijivu, nimemwambia. Na kiatu kimoja.

Kavuta kigoda, kakaa, bega lake linagusa langu. Anasubiri nimwambie cha pili kilikuwa wapi. Nami nimeng’ang’ania kalamu kama mwenye shughuli. Alikificha yeye mwenyewe, na miaka yake sita, baba asiende kazini; askari wakamkuta bado anakitafuta.