Fimbo ya Mimbarini

Kwa jina la Mwenye kusitiri waja. Ridhiwani, leo nimefedheheka mbele ya waumini wote hapa Kasulu.

Nimeshuka mimbarini, Nurudini mwenye meza za mchezo wa puli akaishika fimbo ninayoiegemea nikihutubu. "Shehe, hii ni fimbo ya puli, tena ya zamani! Tazama mti wake ulivyo mzito. Hizi mpya zinapinda kwa wiki. Nipe, nikupe mpya mbili!"

Fimbo ya puli! Miaka tisa ya Ijumaa!

"Ondoa mkono wako," nikamwambia. Akacheka: "Basi tuicheze, babu, mshindi aichukue."

Wewe, Ridhiwani, ndiwe uliyeniletea fimbo hii kutoka Kibondo, ukaapa kuwa ni ya shehe marehemu. Mwongo!

Ijumaa ijayo nitaiegemea tena, kwani imenyooka kuliko ninyi wawili. Mola awahifadhi waja wake wakweli waliosalia.