Bitana Nyeupe

Tarehe 4 Februari

Kwako binti yangu, Fundi,

U hali gani mwanangu? Mimi sijambo, isipokuwa mikono inayotetemeka kama kawaida yake, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Ulipopiga simu Jumapili nilisikia nusu, na hiyo nusu yenyewe sina hakika nayo. Heri barua. Barua naweza kuisogeza dirishani nikaisoma mara tatu.

Jana mama yako ametimiza mwaka tangu tumzike. Sikufanya jambo kubwa. Nilifagia chumba cha cherehani, nikakuta pini zake tatu zimechomekwa kwenye pazia la jikoni, pale alipokuwa akizichomeka mtu akibisha hodi. Nimeziacha hapo hapo.

Ndani ya bahasha hii kuna kifundo cha karatasi. Ni unga wa penseli kwa ajili ya vitasa vikavu. Mafuta yanakamata vumbi, unga haukamati, hilo nilikufundisha ukiwa hujafika kiunoni kwangu. Penseli ni vile vipande alivyokuwa akichorea mikato ya nguo, kopo zima limejaa. Nilivisaga siku mbili kwa tupa. Nikaona ni vizuri vikafanye kazi mikononi mwako kuliko kukaa kwenye kopo.

Ulisema unarudi nyumbani umechoka sana. Kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini na mmoja, haichoshi hivyo. Kuna nini kingine?

Baba yako

*

Tarehe 19 Februari

Shikamoo baba,

Mimi mzima, na kifua kile kimepona. Unga umefika. Nimeuweka kwenye mfuko wa zana, ndani ya kile kijifuko cha mwisho alichokishona mama kikawa hakina kazi. Sasa kimepata kazi.

Umeniuliza kuna nini kingine. Kuna askari.

Mwaka jana mwishoni walibandika tangazo kwenye nguzo ya taa pale njia panda, kwamba mtaa huu na mitaa mitatu jirani ni eneo la ukaguzi maalumu kwa miezi sita. Maana yake wanaweza kumsimamisha yeyote na kumpekua bila kumshuku kwa lolote. Sasa fikiria mtu aliyebeba ndoana za kufungulia vitasa, tupa, bisibisi saba na koleo. Mwezi huu haujaisha, nimesimamishwa mara tano. Kitambulisho changu cha ufundi wanakisoma mbele na nyuma kana kwamba nyuma kumeandikwa ukweli.

Lakini si kupekuliwa kunakochosha, baba. Ni kusubiri. Sheria inasema mwanamke apekuliwe na mwanamke. Sheria nzuri. Ila askari wa kike ni mmoja kwa vituo vitatu, na anakuja kwa miguu. Basi nakaa ukingoni mwa barabara saa nzima, saa mbili, watu wanapita wakinitazama, mteja ananisubiri nje ya mlango wake hadi anamwita fundi mwingine.

Juzi askari mmoja, yule mwenye mwanya, aliniambia, "Dada, unajitesa. Kubali tukupekue sisi, dakika mbili tu, uende zako."

Nikamwambia, "Afande, namsubiri mwenzangu."

"Haya, subiri. Jua ni la bure."

Alipofika, huyo askari wa kike alikuwa anachechemea, kiatu kimemkwangua kisigino. Akasema, "Wewe tena?" Nikamwambia, "Na wewe tena." Tulicheka kidogo, baba, kisha akanipekua.

Usihofu. Mfuko wa mama unanisaidia sana. Ile bitana nyeupe aliyoitia ndani inafanya kila chombo kionekane hata kwenye korido za giza. Najua ndiyo sababu aliiweka.

Binti yako

*

Tarehe 2 Machi

Kwako Fundi wangu,

Nimeipata barua yako na nimeisoma zaidi ya mara tatu. Nafurahi kifua kimepona. Hapa mvua imeanza, na paa linavuja pale pale linapovujaga, mama yako alipokuwa akitega ile sufuria isiyo na mshikio. Nimeitega.

Kuhusu askari, nisikilize mimi niliyekutangulia. Wakikusimamisha, fungua mfuko mwenyewe kabla hawajakuambia. Tandaza kila kitu. Sema "ndiyo afande" hata kama hawajauliza. Usiwadai sababu, usiwadai ile karatasi yao ya kuandikia upekuzi, maana mtu akishaandika jina lako mara moja atalikumbuka mara ya pili. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi nimefika uzee huu kwa njia hiyo.

Hiyo miezi sita itakwisha.

Unga unatosha? Kopo bado lina vipande.

Baba yako

*

Tarehe 30 Machi

Kwako binti yangu,

Natumaini u mzima. Mwezi umekatika sijapata jibu. Pengine barua imepotea, au kazi zimekuzidi, na hilo lingekuwa jema. Simu nimejaribu kwa jirani. Alisema inaita tu.

Leo nimemkumbuka mama yako alivyokuwa akikata uzi kwa meno nami nikimgombeza kwamba mkasi uko mbele yake. Anajibu, "Mkasi unataka mikono miwili, mdomo uko hapa hapa." Sina la maana zaidi la kukuandikia. Nimeandika tu ili bahasha ipate cha kubeba.

Nijibu hata mstari mmoja.

Baba yako

*

Tarehe 27 Aprili

Mwanangu,

Nianze na salamu, ingawa leo zinanitoka kwa shida. U mzima? Niambie hilo kwanza.

Jana nimepokea kifurushi chako. Nilitarajia barua. Nimekuta mfuko wa zana umekunjwa na kufungwa kwa kamba, zana zote ndani, na karatasi yenye maneno manne, "Nitunzie baba. Nimeacha kazi."

Nimeufungua juu ya meza ya cherehani. Bitana imechanwa kutoka juu hadi chini, mara mbili. Si kuchakaa huko, nimekaa na mshonaji miaka mingi, najua kisu. Kijifuko cha mwisho kimekatwa chote, hakipo. Na unga haupo.

Umeacha kazi, sawa, wewe ni mtu mzima. Lakini niambie nani ameshika kisu. Sitakuuliza tena jambo jingine lolote.

Baba yako

*

Tarehe 9 Mei

Shikamoo baba,

Mimi ni mzima. Nisamehe kwa kimya. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nafika mahali pale pale, nachana karatasi. Leo nitapita hapo bila kusimama.

Tarehe 11 Machi, saa tano asubuhi, mwalimu mmoja wa mtaa wa pili alinipigia simu kutoka shuleni. Mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini na ushee, amejifungia ndani, amesahau jinsi ya kufungua komeo, na jikoni ameacha sufuria motoni. Majirani wanaona moshi dirishani. Mlango ni wa chuma, madirisha yana nondo. Komeo lile nalijua, niliwatilia mimi. Dakika tatu linafunguka.

Nikakimbia. Unajua tena, mtu anayekimbia na mfuko wa zana.

Walikuwa watatu pale njia panda. Nikawaambia kuna bibi na moshi, twendeni wote mkaone. Mwenye mwanya akasema, "Kila mwizi ana bibi yake." Wenzake wakacheka. Nikasema basi mwiteni askari wa kike haraka. Wakasema yuko kituo cha tatu, labda saa moja.

Saa moja, baba.

Nikainua mikono nikawaambia, "Nipekueni nyinyi."

Sitakueleza zaidi hapo. Mikono yao haikuwa na haraka niliyokuwa nayo mimi. Nilitazama juu, kuna waya wa umeme umening'iniza kiatu cha mtoto, nikakitazama hicho hadi wakamaliza.

Kisha nikafungua mfuko mwenyewe kama ulivyonifundisha. Nikatandaza kila kitu. Mmoja akachukua kifundo cha karatasi, akakifungua, akanusa. "Hii nini?" Nikasema ni unga wa penseli wa kulainishia vitasa, ametuma baba yangu. Wakatazamana. Wakasema kama kiko kimoja kipo kingine, wakatoa kisu wakachana bitana, wakakikata na kijifuko. Hawakukuta kitu. Wakanipeleka kituoni kwa sababu ya "unga usiojulikana". Nililala huko siku moja. Majibu ya maabara yalitoka baada ya wiki: si kitu.

Hapo ndipo nilipokuwa nakwama. Sikujua nikuandikie vipi bila kuutaja unga.

Bibi hakufa. Wanaume walileta mtaimbo, wakaung'oa mlango na fremu yake, ila ilichukua muda mrefu. Alilazwa siku tisa kwa moshi. Mwalimu hanilaumu, na kutonilaumu kwake ndiko kunakoniuma. Niliiuza haki yangu, baba, na mlango sikuufungua.

Sasa nauza vitasa dukani kwa mtu. Vimo kwenye maboksi. Havina shida na mtu.

Binti yako

*

Tarehe 20 Mei

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote. Barua yako niliisomea uani, nikakaa hapo hadi kuku wa jirani wakanizoea.

Unga ni wangu. Nilikaa siku mbili nasaga nikifikiri nakutumia mama yako. Sikuwahi kufikiri utaonekanaje mkononi mwa mtu anayetafuta kosa. Nisamehe.

Usiseme uliuza haki. Anayeuza hulipwa. Wewe ulinyang'anywa, halafu ukaachiwa wewe aibu uibebe.

Sasa nikuambie jambo kuhusu bitana. Haikuwekwa kwa ajili ya korido za giza. Ulikuwa na miaka sita. Askari walinisimamisha nikirudi kazini, wakaumwaga mfuko wangu wa zamani kwenye mtaro wenye maji, kuona kama kuna kitu chini. Nilirudi nyumbani nimelowa hadi mabegani, na tupa ndogo kuliko zote sikuipata. Kesho yake mama yako alichukua shuka jeupe, lile la pekee la wageni, akalikata liwe bitana ya mfuko mpya, huu uliokuja kuurithi. Nikamwuliza, "Na wageni?" Akasema, "Watalala bila shuka. Wakiona kila kitu kwa mtazamo mmoja hawatamwaga."

Na kweli hawakumwaga tena. Tangu siku hiyo nikawa nafungua kabla sijaambiwa, nikajiona mjanja. Mkono ule nimeubusu miaka yote, na haukuwahi hata kunikumbuka sura. Kila wiki ulinisimamisha upya. Na huo ndio ujanja niliokurithisha. Nilikosea, Fundi. Dai sababu. Dai karatasi. Msubiri askari wa kike hata kama ni hadi jioni. Ukiona huwezi, na siku nyingine mtu hawezi, basi si wewe wa kuona haya.

Nimeushona mfuko. Mikono hii na sindano havipatani, nimejichoma hadi nikazitumia zile pini za pazia kushikilia kitambaa. Mishono imepinda kama njia ya mbuzi, mama yako angeifumua yote. Sikuweka nyeupe. Nimekata lile gauni lake la maua ya njano. Nilikuwa nimelitunza nikidhani ndiko kumkumbuka.

Nakurudishia na zana zote. Kazi ukiitaka iko humo, usipoitaka, weka humo sindano za kushonea. Mimi sitakuuliza.

Baba yako

*

Tarehe 11 Juni, saa nane mchana

Shikamoo baba,

Natumaini mikono imepumzika na vidole vimepona. Mimi mzima. Samahani kwa mwandiko, leo ni zamu yangu. Naandikia gotini, nimekaa ukingoni mwa barabara pale njia panda.

Ni wiki ya pili nimerudi kazini. Leo nilikuwa nakwenda kwa kinyozi ambaye ufunguo umemkatikia ndani ya kufuli. Wamenisimamisha. Mwenye mwanya akaniambia yale yale, dakika mbili tu. Nikamwambia namsubiri mwenzangu. Kisha nikakaa, nikatoa karatasi na kalamu, nikaanza kukuandikia. Amenizunguka mara mbili akitaka kujua naandika nini. Nimemwambia, "Namsalimia baba."

Nilimpigia kinyozi atafute fundi mwingine. Badala yake amekuja hapa na wateja wake wawili, mmoja amenyolewa upande mmoja tu tangu jana jioni umeme ulipokatika. Nimemwambia nitachelewa. Amesema, "Mlango umefungwa tangu asubuhi, hautakimbia." Yule wa upande mmoja akasema, "Wewe sema hivyo, kichwa si chako." Wamekaa. Sasa tuko wanne, na askari hawajui waangalie wapi.

Mwalimu aliniambia kwamba kabla ya tangazo kuongezwa miezi sita mingine, wakazi wanaruhusiwa kupeleka maoni yao. Anakusanya karatasi za upekuzi. Mimi sina hata moja, kwa sababu sikuwahi kudai. Nimechoka, baba, sikufichi. Sidhani karatasi zitaling'oa tangazo kwenye nguzo. Ila nataka ya kwanza iwe ya leo.

Namwona anakuja. Bado anachechemea, kiatu ni kile kile.

Mfuko uko mapajani, umekunjwa, kamba imefungwa. Kawaida wakati huu ningekuwa nimeshautandaza. Sitaufungua. Nitamwamkia kwanza, kisha nitamwuliza sababu, na nitasubiri hadi amalize kuiandika. Hapo ndipo nitakapomwonyesha maua ya mama.

Binti yako, Fundi