Nyumba Ambayo Mhakiki Hakuingia

KAMATI YA UHAKIKI WA KAYA ZA MSAADA WA CHAKULA, KIJIJI CHA RIAMONI, KEBIRIGO

Kumbukumbu za kikao cha dharura, Alhamisi, 13 Juni 2024, chumba cha mizani, kituo cha majani chai, saa nane mchana

Waliohudhuria:
Mwl. Haron Onsongo – Mwenyekiti
Persis Moraa – Katibu
Mzee Cleophas Okemwa – Mhakiki, ng'ambo ya mto
Tryphosa Nyaboke – Mhudumu wa afya wa kijiji
Nasteho Abdiaziz – Mwakilishi wa wenye maduka

Aliyekosa kwa udhuru: Eric Omosa (mazishi, Keumbu)

KUMB. NA. 1/06/2024: KUFUNGUA

Mwenyekiti alifungua kwa sala fupi kuliko kawaida yake. Alieleza kwamba gari la ofisi ya msaada lingefika saa kumi na moja kuchukua fomu za kaya zilizopoteza mahindi kwa mvua ya mawe ya Aprili. Kaya arobaini na moja zimekubaliwa, moja imekataliwa. Aliwakumbusha wajumbe onyo lililo chini ya kila fomu: uongo ukipatikana hata katika fomu moja, orodha ya kijiji kizima itafutwa. Aliomba kikao kisilete mambo mapya.

KUMB. NA. 2/06/2024: SUFURIA

Bi. Nasteho aliweka mezani sufuria kubwa. Alieleza kwamba Jumatatu Bitutu, mke wa mwana wa Mzee Okemwa, aliileta dukani akitaka abadilishiwe kwa kilo mbili za unga. Alipewa unga na kuambiwa arudi na sufuria yake, lakini aliiacha mlangoni akaenda. Tangu Jumanne hajaonekana mtoni, wala watoto wake wawili shuleni. Mumewe alienda Kericho kuchuma chai na hajapiga simu tangu Pasaka. Bi. Nasteho aliuliza mtu mwenye magunia matatu ya mahindi anatoa sufuria yake kwa nini, maana kaya iliyokataliwa ni hiyo ya Bitutu, na sababu iliyoandikwa ni magunia hayo.

Mwenyekiti alisema sufuria si ajenda. Bi. Nasteho alisema basi iandikwe iwe ajenda. Iliandikwa.

KUMB. NA. 3/06/2024: FOMU YA BITUTU

Katibu alisoma fomu. Swali la nne: Je, mhakiki ameingia ndani ya nyumba? Jibu: Ndiyo. Swali la tano, chakula kilichoonekana: magunia matatu, yamejaa. Sahihi: C. Okemwa.

Mzee Okemwa aliuliza kama sasa yeye ni mshtakiwa. Aliambiwa hapana. Alisema magunia aliyaona kwa macho yake, akiwa amesimama kando ya ghala, mlango wa nyumba ukiwa wazi. Bi. Nasteho aliuliza kama ina maana hakuingia.

"Mama, wewe ni mgeni hapa, sikulaumu," Mzee alisema. "Mimi niingie nyumba ya mke wa mwanangu? Hiyo ni chinsoni, mwiko unaoleta kifo. Baba mkwe hapiti mlango huo, hata kama ni serikali inauliza."

Bi. Tryphosa alisema jambo hilo linajulikana hata na watoto, na hakuna aliyelikumbuka siku ya kugawana nyumba za kuhakiki. Katibu anakiri kwamba yeye ndiye aliyegawa nyumba kwa kufuata mto, akaandika jina la Mzee na la Bitutu katika mstari mmoja bila kushtuka. Bi. Tryphosa naye alikiri kwamba jana alipita pale, hakuona moshi, akaendelea na safari kwa sababu karatasi ilisema kuna chakula. Alisema anaogopa. Wajumbe wote walisema wanaogopa, isipokuwa Mwenyekiti, ambaye alikuwa akifuta miwani iliyokuwa safi.

Mwenyekiti alisema fomu ikibadilishwa leo, ofisi itajua kwamba ilidanganywa, na nyumba arobaini na moja zitalala njaa kwa ajili ya moja.

"Mwalimu," Bi. Nasteho alisema, "kwanza tuone kama hiyo moja bado iko."

KUMB. NA. 4/06/2024: KIKAO KUHAMIA KWA BITUTU

Saa tisa na robo wajumbe walivuka mto. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Bi. Tryphosa alibisha hodi mara tatu. Mtoto alikohoa ndani, mara moja. Wajumbe walingoja akohoe tena, hakukohoa. Katibu hajawahi kuogopa kimya namna ile.

Mzee Okemwa alikuwa amesimama kando ya ghala, palepale aliposimama siku ya uhakiki. Alikuja na jembe, akavunja bawaba, akarudi nyuma na kuwapa wenzake mgongo.

Bitutu alikuwa kitandani, homa kali, watoto wamelala ubavuni mwake. Pakiti ya unga ilikuwa tupu. Bi. Tryphosa alifungua magunia. Yote matatu yalijaa magunzi ya kuwashia moto.

Bi. Tryphosa na Bi. Nasteho walibeba watoto. Mwenyekiti alikimbilia barabarani kutafuta pikipiki. Katibu alijaribu kumwinua Bitutu akashindwa, akaita. Aliyebaki nje alikuwa mtu mmoja.

Bitutu alipomwona baba mkwe wake mlangoni alijifunika uso kwa leso. "Tata, usiingie. Utaleta kifo hapa."

"Kimenitangulia," Mzee alisema. "Nakuja kukitoa."

Aliingia akiangalia chini, akambeba hadi barabarani.

KUMB. NA. 5/06/2024: MAAZIMIO

Wajumbe walirudi kituoni saa kumi na nusu, bila Bi. Tryphosa aliyefuatana na wagonjwa hospitalini. Hadi kuandikwa kwa kumbukumbu hizi hajapiga simu.

Iliazimiwa kwamba Bitutu aingizwe katika orodha, na kumbukumbu hizi ziambatanishwe na fomu yake, ofisi iamue itakavyo. Mwenyekiti alikubali wa mwisho. Mzee Okemwa alisema mambo ya utakaso ni yake na wazee, yasiandikwe. Yameandikwa.

Katibu alifuta magunia katika swali la tano, akaandika: hakuna. Alipotaka kufuta jibu la swali la nne, lile la kuingia ndani, Mzee alimshika mkono.

"Hiyo iache," alisema. "Sasa ni kweli."

Kikao kilifungwa saa kumi na moja kasoro dakika tano, bila sala, kwa kuwa gari la ofisi lilikuwa tayari linapiga honi langoni.

Mwenyekiti: H. Onsongo (sahihi)

Katibu: P. Moraa (sahihi)