Tulitia Sahihi, Kifuniko Hakikuwapo

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana nimekaa na jambo hili wiki tatu na sasa hata uji haunipiti kooni. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, mtunza orodha ya wafanyakazi katika kinu kimoja cha kukobolea mpunga hapa Ipinda, na swali langu la kwanza ni hili: je, tajiri akipunguziwa kodi kwa sababu ya gharama zake, sisi wafanyakazi wa kawaida tunafaidika kweli, au ni maneno tu?

Nauliza hivyo kwa sababu mwaka jana, kabla hesabu za kampuni hazijafungwa, mwenye kinu, Bwana Humphrey, aliniita akanipa karatasi zilizosema kwamba wafanyakazi wote ishirini na sita tumepewa mabuti na chakula cha mchana kila siku, na kwamba mikanda ya mashine imefungiwa vifuniko vya chuma, na wakati huo hatukuwa na buti hata moja, chakula tulikuwa tukibeba kutoka nyumbani, na mikanda ilikuwa ikizunguka wazi, akaniambia, "Mama, hizi ni gharama, zinapunguza kodi. Kodi ikishuka kwangu, kwenu kipato kitapanda. Wasomee, watie sahihi." Nikawasomea. Kwetu ukimsaidia mtu kuvuna mpunga huondoki na kikapu kitupu, nasi tuliichukua kodi yake kama shamba lake, tukaona tunamsaidia kuvuna, basi wakapanga mstari wakitaniana, na Gwamaka, jirani yangu wa Talatala aliyekuwa akiendesha mashine ya pili, akauliza, "Dada, nikitia sahihi mara mbili, na mke wangu atapata mabuti?" tukacheka sana, akatia sahihi, nami nikatia yangu chini kama shahidi. Tulichopata ni soda moja moja. Mshahara haukuongezeka, na kodi inayokatwa kwenye mishahara yetu ilibaki vilevile.

Mwezi uliopita mkanda ulimkamata Gwamaka shati, ukauvuta mkono wa kulia, na hospitalini wakaukata chini ya kiwiko. Jioni ileile fundi aliletwa akafunga vifuniko. Kisa, mke wa Gwamaka, alipokuja kuulizia fidia, Bwana Humphrey alimwonyesha ile karatasi: "Kifuniko kilikuwapo, mumeo amekitilia sahihi. Kama alikitoa ili amalize kazi upesi, mimi nifanyeje?" Kisa hajui kusoma, akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa pale pale mezani: "Dada, wewe ndiye uliyewasomea. Haya, nisomee na mimi. Mkono wa mume wangu umeandikwa wapi?"

Alhamisi anakuja afisa kazi kutoka Mbeya. Bwana Humphrey amesema nikithibitisha kwamba vifuniko vilikuwapo, nitapewa mkataba wa kudumu ambao nimeungojea miaka sita, na nikikataa, "Shahidi ni wewe, mama. Tukianguka, tunaanguka wawili." Wenzangu nao wanasema ninyamaze, kwa maana kinu kikifungwa wote watakosa kazi. Nifanye nini, mshauri? Ndaga, asante sana.

Mtunza orodha, Ipinda

MSHAURI ANAJIBU

Mama,

Pole kwa kukosa hamu ya kula. Pole kubwa zaidi ni ya Gwamaka, na nashangaa kwamba umeanza barua yako kwa kodi, ukaufikia mkono wake baadaye.

Swali la kodi ni jepesi, nalijibu kwanza. Gharama ya kweli hupunguza faida ambayo kampuni hutozwa kodi. Kodi ikiwa asilimia thelathini, mwajiri aliyetumia milioni kumi huokoa milioni tatu. Saba zimetoka mfukoni mwake. Wewe mfanyakazi hupati hata senti ya punguzo hilo. Unachopata ni kitu kilichonunuliwa: buti mguuni, chakula tumboni, chuma kati ya shati lako na mkanda. Kitu hicho kisiponunuliwa, yeye ameokoa tatu bila kutumia kumi, na wewe umebaki na soda. Kodi inayokatwa kwenye mshahara wako haikuulizi kama ulikuja kazini kwa miguu au kwa baiskeli; hukatwa vilevile bila kujali gharama zako. Kwa hiyo, hapana, hamkufaidika. Mlimpa ushahidi, akautumia dhidi yenu.

Wala usijifiche nyuma ya mavuno. Anayesaidia kuvuna huyaona masuke kwa macho yake. Wewe uliwasomea watu wanaokuamini maneno uliyojua kuwa ni ya uongo, tena ukacheka nao. Bwana Humphrey alitunga. Aliyewafikishia ni wewe.

Sasa sikiliza. Huo mkataba wa kudumu ni bei ya mkono wa jirani yako. Usiupokee, wala usimwambie tajiri kwamba unafikiria. Leo hii, ungali unakumbuka vizuri, andika kila kitu kwa mkono wako: siku mliyotia sahihi, maneno aliyokwambia, siku ya ajali, jina la fundi aliyefunga vifuniko jioni ile. Usiibe karatasi za ofisi na usibadilishe hata nukta moja. Mwambie afisa zilipo. Kesho nenda kwa wanaotoa msaada wa kisheria, uwaeleze na kosa lako mwenyewe, usije ukaingia Alhamisi bila kujua kinachokungoja. Fidia ya aliyeumia kazini si hisani ya tajiri, na Gwamaka aambiwe hivyo na mtu anayejua sheria.

Wenzako waambie hivi: mikanda ile ingekuwa wazi hadi leo kama Gwamaka hangeumia. Wakiendelea kukuomba unyamaze, muulize kila mmoja kama yuko tayari kusimama kwenye mashine ya pili huku karatasi ikisema kwamba, litakalompata, kosa ni lake.

Siwezi kukuahidi kwamba utabaki na kazi. Nadhani utaipoteza. Huenda ukaulizwa maswali mazito kuhusu sahihi yako, na utastahili kuulizwa. Kinu nacho huenda kikafungwa kwa muda, na wapo watakaokulaumu sokoni kwa sauti. Hayo yote ni machungu, na hayabadilishi ninachokuambia.

Lakini kabla ya afisa, kabla ya wakili, leo kabla jua halijazama, nenda Talatala kwa Gwamaka. Usichukue mchele wala ndizi, usije ukaonekana unalipa. Mwambie yeye na Kisa: "Vifuniko havikuwapo, nilijua, na Alhamisi nitasema." Usiongeze neno la kujitetea. Wakikukaribisha, kaa. Wakikufukuza, ondoka bila kinyongo, na Alhamisi ukaseme vilevile.