Sitini na Nne Ubaoni

Jumatano, 6 Novemba 2013
Vishale mia mbili kabla ya chai. Nyumbani kwa dada yangu Ndunge, Malvern, Toronto, chini kwenye beisimenti, kati ya mashine ya kufulia na mabegi ya nguo za baridi. Ubao wa shabaha nimeubeba mwenyewe kutoka Odense, Denmark. Mia moja na arobaini vilitoka. Sitini mkono ulivikatalia. Kiwiko kinakunjuka, vidole haviachii. Nabaki nimenyoosha mkono mbele kama mtu aliyenyimwa salamu.

Tangu Machi. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 7 Novemba
Ndunge ameshatangaza kanisani kwamba mdogo wake anachezea Denmark. Denmark wananiita Mkenya. Huku nimekuwa Mdenishi. Machakos, nilikojifunzia vishale katika klabu ya walimu, hawaniiti chochote.

Kocha ameandika tena, asije mtu akasahau. Jezi ya timu ya taifa msimu ujao ni moja. Tuko wawili, mimi na Lasse. Atakayefika mbali zaidi katika mashindano ya Jumamosi hapa Toronto ataivaa.

Lasse ana miaka ishirini na tatu. Mimi ndiye niliyemfundisha kusimama. Alikuwa analegea kama mlango uliong'oka bawaba. Miaka sita namnyoosha, na sasa amenyooka kweli. Namchukia. Haya, nimeandika.

Nina miaka arobaini na sita. Kazi nyingine sijui.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimekwenda Agincourt kuuona ukumbi. Mbao kumi na mbili, zulia linanuka bia ya jana. Lasse alikuwepo, akanikumbatia. Ameniletea tumbaku kutoka nyumbani. Niliacha kuvuta mwaka juzi, na yeye anajua. Amesahau tu. Nilishukuru.

Mkono leo umekataa mara tisini.

Jumamosi, 9 Novemba
Niandike kama ilivyokuwa.

Ubao wa saba. Raundi ya kwanza. Nimecheza na fundi bomba wa hapahapa, mtu mnene, mpole, anayecheza wikendi. Mkono ulikataa tangu kishale cha pili. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Wachezaji wanaujua ugonjwa huu, hawautaji, kana kwamba utawarukia. Nimefungwa bila kushinda hata seti moja. Yule fundi akaniomba msamaha. Angenitukana ningeona afadhali.

Desturi yetu ni moja popote duniani: anayeshindwa haondoki. Anachukua chaki na kuandika hesabu za mechi inayofuata ya ubao uleule. Mechi iliyofuata ilikuwa ya Lasse.

Seti ya mwisho. Hesabu hushuka kutoka 501 hadi sifuri kamili, na Lasse amebakiza 149. Akarusha 85. Nikatoa, nikaandika 74. Sikukusudia. Nilikuwa bado naufikiria mkono wangu. Nilipoweka chaki chini nikaona. Inabaki 64, si 74.

Sheria inasema kosa husahihishwa kabla mchezaji hajarusha tena. Mpinzani alikuwa na zamu yake, vishale vitatu. Muda wa kutosha kufuta tarakimu moja kwa kidole. Nilisimama. Kidole hakikwenda. Safari hii si ugonjwa. Nilikizuia.

64 Lasse anaimaliza hata akiwa amelala, mazoezini sijawahi kumwona akiikosa. Akatazama ubao wa hesabu, akaifuata 74. Kumi na nne, ishirini, kisha kishale cha arobaini ya mwisho kikapita nje ya waya. Mpinzani akamaliza.

Alikuja kunipa mkono. Akasema, "Asante kwa kuniandikia." Anajua hesabu kuliko mimi. Hakuzikagua kwa sababu nilikuwa mimi.

Jumapili, 10 Novemba
Barua pepe ya kocha imefika asubuhi. Sote wawili tumetoka raundi ya kwanza, kwa hiyo wameangalia uzoefu. Jezi ni yangu. Hongera.

Ndunge alitaka niivae ile ya msimu huu kanisani. "Si uivae tu, Mutua? Pastor ashatangaza." Niliivaa. Bendera kifuani, jina mgongoni. Mzee mmoja aliuliza, "Sasa wewe ni wetu ama ni wa wazungu?" Watu wakacheka, nikacheka.

Baada ya ibada walikuwa wametundika ubao karibu na meza ya chai. Nirushe kimoja tu, watoto waone. Nilinyoosha mkono. Ukakataa. Tena. Tena. Wakadhani natania, wakapiga makofi. Ndunge hakupiga. Yeye ni nesi.

Jumatatu, 11 Novemba
Theluji nyepesi. Ndunge hakwenda kazini. Alikuwa anaikunja jezi mezani, mikono ndani, bendera juu.

"Tangu lini?"

"Machi."

"Na wao wanajua?"

Nikamwambia hawajui. Kisha nikamwambia na ile ya chaki, yote. Sikutegemea kuisema. Hakunipa pole. Aliiweka jezi kwenye mfuko wa plastiki, akausogeza upande wangu, akaenda kukoroga uji.

Kocha nimemwandikia mistari miwili. Mkono umekwisha, mpeni Lasse. Hiyo ilikuwa rahisi, na ndani yake nilionekana mtu mwema. Nikaisoma mara mbili, nikaona haya.

Lasse nimemwandikia mwisho. Nilianza na maelezo, nikayafuta. Nimemtumia hesabu peke yake: 149 toa 85, inabaki 64.

Uji umepoa. Nimeunywa hivyohivyo.