Umeuliza Kwa Nini Tuliandamana

Regueb, Sidi Bouzid, Tunisia,
28 Agosti 2023.

Mpendwa kaka yangu Naufel,

Pokea salamu tele za dada yako Mabrouka. Hujambo wewe, na wifi yangu, na mwanenu Ilhem? Sisi tu wazima, isipokuwa magoti ya Mama, ambayo kila asubuhi yana jipya la kulalamikia.

Nimecheka kusikia kwamba Ilhem amepewa kazi ya shule kuandika kuhusu mapinduzi yetu ya 2011, nawe ukaniuliza mimi sababu zake. Kwani wewe hukuwapo? Si wewe uliyerudi nyumbani na kiatu mguu mmoja, macho mekundu kwa mabomu ya machozi?

Haya, mwambie hivi. Baba yake alikuwa na shahada ya hesabu na miaka sita ya kukaa mkahawani. Kazi zilikuwa za watoto wa wakubwa. Askari walibeba matikiti maji ya marehemu Baba sokoni bila hata kuuliza bei, naye akawashukuru. Siku tulipochoka kushukuru, tuliingia barabarani.

Na matokeo? Siku hizi Mjomba Mbarek anamtukana waziri mkahawani na askari yuko meza ya pili. Juzi askari akamwambia, "Punguza sauti, mzee, nasikiliza mpira." Hilo ni letu, na sitakubali mtu alichukue tena. Lakini mkate tunaupangia foleni, na vijana waliokuwa mstari wa mbele ndio waliotangulia kupanda mashua za kwenda Italia. Nawe hukukawia kuwafuata. Nimekukumbuka, kaka, mpaka naona haya kuandika.

Kuna jambo sikutaka kukueleza. Wiki iliyopita tulianika juu ya paa kuskusi ya mwaka, zile chembe za ngano tunazosokota kwa mkono. Tangu uondoke, kila mwaka Mama hukutengea fungu lako kwenye mfuko wa kitambaa. Safari hii alifunga langu, akafunga la Mjomba, kisha akakunja mifuko iliyobaki.

Nikamuuliza, "Na la Naufel?"

"Mwache. Huko wana makaroni yao."

Nilichota kwa siri, nikakutengea mimi. Lakini mimi si Mama, subira ya miaka kumi na miwili sina.

Mjomba Mbarek na Shangazi Zohra wanakusalimu sana. Mama hakunipa salamu za kukuletea, na sitakudanganya. Vibali vya kuishi huko ulishapata tangu mwaka juzi, hakuna tena wa kukuzuia kuja na kurudi. Njoo kabla hajazoea.

Mungu akulinde, akufungulie njia ya nyumbani.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mabrouka