Mimi Naziona

Alhamisi, jioni. Mvua imekatika sasa hivi tu, Kamembe ni tope tupu, na mimi nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi. Nimekaa kwenye saiba, duka la intaneti la karibu na soko, kwa sababu sitaki kuandika haya kwenye kompyuta ya ofisi. Kompyuta za ofisi nimezichoka. Mwenyewe nimejichoka zaidi.

Nieleze kwanza kazi yangu, maana humu bloguni sijawahi kuieleza. Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye shirika linalotafuta watu waliopotezana katika vita vya ng'ambo. Bukavu, mji ulio ng'ambo ya mpaka, ilipochafuka, watu walivuka daraja wakija huku Kamembe, mume peke yake, mke peke yake, watoto na majirani. Tuliwaandika mmoja mmoja, jina na picha, tukaziweka faili zao kwenye folda ya pamoja ndani ya seva, ile kompyuta kubwa inayotunza kazi za ofisi nzima. Mtu akija kumuulizia mtu wake, Maman Neema wa mapokezi anafungua folda, anatafuta jina. Basi.

Maman Neema ni wa Bukavu. Wakati wa mapigano alikuwa akilala kwa dada yake hapa Kamembe. Kulipotulia alirudi kwake, na sasa anavuka daraja asubuhi na jioni kama wafanyakazi wetu wengi. Kompyuta amejifunzia ukubwani, anabonyeza kwa kidole kimoja, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namcheka.

Tangu mwezi uliopita amekuwa akilalamika kwamba kuna faili hazionekani, zamani alikuwa anaziona na sasa hazipo. Kila mara nilifanya kitu kilekile. Naketi mezani kwangu, nafungua folda kwa akaunti yangu, nakuta zote zimejipanga. Nampigia simu ya ndani: "Maman, zipo. Mimi naziona." Anajibu, sawa fundi. Siku moja nilimwambia azime mashine aiwashe. Siku nyingine, mbele ya watu, nilimwambia akanunue miwani.

Nilimwambia akanunue miwani!

Katika wiki hizohizo alikuwa anakuja Mzee Bahati, seremala, naye wa Bukavu. Kila Jumatatu na Alhamisi, kofia mkononi, akimuulizia mke wake, Maman Zawadi. Neema anatafuta, anamwambia hayiko, pole Mzee. Yeye anakaa kidogo kwenye benchi, kama vile jina linaweza kujitokeza akilingoja. Benchi hilo lilikuwa linayumba tangu niajiriwe. Siku moja aliazima panga la mlinzi, akachonga kabari, akaigonga kwa jiwe chini ya ubao wa kukalia, na benchi likatulia. Hakuna aliyemwomba.

Jumatatu hii alisema kwamba upande huu amemaliza kutafuta. Kesho yake angeondoka kwenda Uvira, huenda mke alikimbilia kwa ndugu zao wa kule. Tulikutana mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kazi tunayoifanya.

Leo asubuhi akaingia mama mmoja, kitenge kimelowa mpaka magotini, mkononi ana kadi yetu yenye muhuri wetu. Maman Zawadi. Muda wote huu alikuwa Mururu, kwa familia iliyompokea. Ukisimama nyuma ya ofisi, kilima chenyewe unakiona. Hakuwa ameshuka kuuliza kwa sababu sisi ndio tuliomwambia asihangaike, jina lako tunalo, mtu wako akija tutakuita. Yeye akatii. Leo amechoka kutii, ndipo akateremka na mvua yake.

Neema akaandika jina lake. Hamna. Akaandika namba ya kadi. Hamna. Akaniita, nami nikaanza wimbo wangu uleule, ngoja nirudi mezani kwangu niangalie. Neema akasimama, akanisogezea kiti chake.

"Hapana, Idi. Ikala hapa. Hii kadi niliiandika na mukono yangu mwenyewe. Leo utaangalia fasi mimi naangaliaka."

Nikaketi mahali pake, nikaangalia. Hamna.

Folda haikuwa tupu, na hilo ndilo lililotuponza sote. Majina ya watu wa kambi ya muda yalikuwepo, tena mengi, orodha ndefu inayomridhisha yeyote anayeitazama. Lakini wale waliopokelewa majumbani, wa Mururu, wa Nkanka, wa Nkungu, hapakuwa na hata mmoja. Nikatazama jina la akaunti pembeni ya kioo cha kompyuta, na hapohapo nikakumbuka.

Hii sasa ndiyo sehemu ambayo ofisini sijaisema. Miezi kadhaa nyuma mkuu wetu alisikia uvumi kwamba orodha za waliohifadhiwa majumbani zinawafikia watu wenye bunduki. Akaamuru wafanyakazi wanaolala ng'ambo wasione faili hizo, tena ifanywe kimyakimya, wasije wakakasirika. Kwamba wale watu walistahili kulindwa, sibishi. Lakini tangu lini uaminifu wa mtu ukapimwa kwa mahali anapolala? Sikuuliza. Nikatengeneza makundi mawili, wanaolala huku na wanaolala ng'ambo. Neema akiwa kwa dada yake alikuwa wa huku. Aliporudi kwake nililetewa orodha mpya, nikamhamisha pamoja na wengine, mchana mmoja, huku nakula sambusa. Halafu nikasahau.

Na kuna kibaya zaidi. Seva ina njia mbili za kumzuia mtu. Kwa njia ya kwanza faili anaiona, ila akijaribu kuifungua anaambiwa hana ruhusa. Kwa njia ya pili faili haimtokei kabisa. Nilichagua ya pili. Nilijua kwamba wakisoma neno la kukataliwa watakuja kuniuliza sababu, na sikutaka kuwa mimi wa kuwajibu. Mtu akikuta mlango umefungwa atabisha hodi, na mimi niliupaka mlango rangi ya ukuta. Neema angelisoma neno lile mara moja tu, siku hiyohiyo angenijia juu, na Mzee Bahati angepanda Mururu kwa miguu yake.

Nilimrudisha Neema kwenye kundi la huku bila kumwomba mkuu. Nikamwambia atoke kwenye akaunti, aingie tena. Faili zikajaa. Akaandika jina, na Maman Zawadi akatokea kwenye kioo na picha yake, na chini yake: mume, Bahati, seremala.

Neema akavuta daftari la wageni.

"Alikuya mara ngapi?" akauliza Maman Zawadi.

Neema alihesabu kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, polepole, nafikiri akiomba zipungue. "Tisa, Maman."

Hakulia. Nilikuwa nangoja alie, angalau anitukane, ningejua la kufanya. Aliuliza tu mume wake alikuwa anakaa wapi. Tukamwonyesha benchi. Akakaa, akapitisha mkono juu ya ubao, kisha chini yake, taratibu, mpaka vidole vikafika kwenye kabari. Vikasimama hapo.

"Hii ni mukono yake," alisema.

Seva, folda, akaunti, mimi na cheti changu cha ufundi ukutani, wiki zote hizo hatukuweza kumwambia mwanamke huyu kwamba mumewe alikuwa hapa. Ameambiwa na kipande cha mti.

Tumetuma ujumbe kwa wenzetu wa Uvira. Wamejibu upesi kwamba wataangalia kwenye kompyuta yao. Nilisoma jibu hilo nikataka kucheka, nikashindwa.

Mkuu anataka ripoti. Kanidokeza niandike hitilafu ya kiufundi, na kweli nimeiandika, mistari mitatu safi. Hitilafu! Mashine ilifanya sawasawa na nilivyoiamuru. Kama kuna chombo kimoja kilichofanya kazi yake vizuri katika ofisi ile, ni ile seva.

Lakini si ripoti iliyonileta hapa saiba.

Baada ya Maman Zawadi kuondoka kurudi Mururu, akiwa amesema kesho atashuka tena akae palepale, Neema alikuja mezani kwangu. Macho yalikuwa mekundu. Akasema mara tisa yule Mzee alisimama mbele yake, na mara tisa yeye ndiye aliyemwambia mke wako hayiko. Akasema pengine nilikuwa na haki, pengine ni macho yake, angenisikia siku ile. Nami nilikuwa na jibu, lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamwambia, "Ni mashine tu, Maman. Zinasumbuaka." Akanipigapiga begani. Akasema aksanti kwa kutusaidia leo.

Aksanti!

Akachukua mwamvuli wake na kuondoka mapema kuliwahi daraja, kwa sababu kuna fundi wa miwani Bukavu anayefunga saa kumi na moja, na amempigia simu amngoje.

Sasa saa kumi na moja imepita. Mimi niko saiba naandikia watu nisiowajua yale niliyoshindwa kumwambia yeye tukiwa tumeachana hatua moja tu. Kesho asubuhi sitaanzia ofisini. Nitashuka mpaka darajani, nisimame upande wetu, nimngoje avuke, nimwambie tulimficha nini, kwa nini, na nani aliyebonyeza. Akitaka kunipiga kofi, uso huu hapa. Nikifukuzwa kazi, basi nifukuzwe.

Nitamtambua kwa mbali, hata katikati ya wingi wa watu wa asubuhi. Atakuwa amevaa miwani asiyoihitaji.